Mzigo wa Mpagazi na Kompyuta Kuukuu

Sisi watu wa pwani tuna neno "kuukuu", nalo tunalitumia kwa wepesi sana. Kanzu ikipauka ni kuukuu, ngalawa ikianza kuvuja ni kuukuu, na siku hizi kompyuta nayo ikichelewa kufunguka tunasema ni kuukuu. Tunaisogeza kando na kuanza kutafuta fedha za kununua mpya. Lakini ngalawa huchakaa kwa sababu mbao zake zimeoza, na mtu yeyote anaweza kuziona. Kompyuta inayoitwa kuukuu aghalabu haina kilichooza ndani yake. Basi inafaa tujiulize: ni nani hasa aliyeamua kwamba imezeeka?

Swali hili si la mafundi peke yao. Kwa nchi kama yetu, ambayo kompyuta zake nyingi zimefika zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine, ni swali la historia na la uchumi pia.

Kompyuta ya kwanza hapa Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa mashine iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, nayo iliitwa ICT 1500. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Sababu zilikuwapo: kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ilikuwa imevurugika na kuleta hasara, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kazi ya kitaalamu ilitegemea wageni. Wengi huicheka amri ile leo. Mimi siichekei. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na mwezi wa Novemba mwaka huohuo TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa. Nchi iliyokuwa ikitafuta chaki, madawati na walimu kwa watoto wote hao haikuwa na haraka ya kununua mashine ambazo wananchi wachache mno waliweza kuzitengeneza. Dosari ya amri ile, kwa maoni yangu, ni kwamba pamoja na mashine ilizuia pia ujuzi wa mashine. Masharti yalipolegezwa, na soko lilipofunguliwa, vyombo viliingia kabla ya mafundi.

Viliingia kwa njia tuliyokwisha kuizoea kwa nguo, yaani mitumba. Nyingine ziliuzwa madukani Dar es Salaam, nyingine zililetwa kama msaada kwa shule na vyuo. Nimepata kuona shehena moja ya msaada wa namna hiyo. Mashine zilipokewa kwa hotuba na ngoma, zikawekwa katika chumba chenye nondo madirishani, na baada ya mwaka mmoja zilizokuwa zikiwaka zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliozitoa hawakutoa leseni za programu, wala diski za kuzisakinishia upya, wala siku moja ya mafunzo. Wanafunzi wa ualimu walifundishwa sehemu za kompyuta kwa kuchorewa ubaoni, ilhali kompyuta zenyewe zilikuwa nyuma ya kufuli hatua ishirini kutoka hapo.

Sasa, kwa nini mashine ilizidi kuwa nzito ilhali vyuma vyake havikubadilika? Hapa hapana budi tuangalie tarakimu. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza na kuziongoza programu nyingine zote. Windows 95, iliyotoka mwaka 1995, iliweza kuwaka katika mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka 64 kwa uchache. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2007, ilitaka 512. Windows 11 ya mwaka 2021 inataka gigabaiti 4, ambazo ni megabaiti 4,096. Katika miaka ishirini na sita mahitaji yaliongezeka zaidi ya mara elfu moja. Barua ya kuomba likizo haikuongezeka urefu mara elfu moja.

Kumbukumbu ikijaa, kompyuta haisimami papo hapo. Huanza kuazima nafasi katika diski kuu, ambayo kasi yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kumbukumbu. Inakuwa kama mwalimu ambaye meza yake imejaa, ikambidi aende stoo kila anapotaka daftari moja. Mwalimu ni yuleyule na akili yake ni ileile, ila siku nzima inaishia njiani kwenda stoo. Huko ndiko tunakokuita kuzeeka.

Sisi wa Bagamoyo hatuna sababu ya kushindwa kulielewa jambo hili, maana mji huu uliishi kwa mizigo. Mpagazi wa misafara ya karne ya kumi na tisa alibeba takriban frasila mbili, ambazo ni kama kilo 32, kutoka bara hadi hapa pwani au kutoka hapa kwenda bara. Wapagazi waliulinda uzito wao, na ugomvi wa mizigo uliweza kuuchelewesha msafara. Mpagazi aliyezidishiwa mzigo akalegea njiani hakuwa mzee ghafla. Dawa yake ilikuwa kuugawa mzigo.

Kuugawa mzigo wa kompyuta kuliwezekana kwa sababu ya watu wawili waliokuwa mbali na hapa. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye shabaha ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa kwa wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza kiini cha mfumo alichokiandika kwa ajili ya kompyuta yake ya nyumbani. Kiini hicho ndicho Linux. Mfumo ulio huru namna hii unaweza kupunguzwa na yeyote mwenye ujuzi, na waliopunguza walitokea. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alianzisha Puppy Linux, ambayo hujipakia yote katika kumbukumbu na kuiacha diski ipumzike. Damn Small Linux nayo ilijifunga isizidi megabaiti 50, na iliweza kuziamsha hata mashine za mwanzo wa miaka ya 1990.

Afrika haikukaa kando. Mwezi wa Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa mfumo uitwao Ubuntu, jina ambalo kwetu ni utu, na kwa miaka kadhaa sidii zake zilitumwa kwa posta bila malipo kwa aliyeziomba. Mwaka huohuo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo kwa Kiswahili. Programu zile zilikuwa nzito kidogo kwa mashine dhaifu, na mwenye mashine hizo alifanya vema kutumia AbiWord kwa barua na Gnumeric kwa hesabu. Lakini jambo kubwa lilikuwa limethibitika, kwamba kompyuta inaweza kumsomesha mtu kwa lugha yake mwenyewe bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Kazi ya kusakinisha haihitaji shahada. Kwanza fungua kasha, toa vumbi, kisha vitoe vibao vya kumbukumbu na uyasugue meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli. Hapa Dunda hewa ya chumvi huleta kutu kwenye maungio, na mashine nyingi zilizotangazwa kufa zimefufuliwa kwa kifutio tu. Tazama betri ndogo mfano wa sarafu: ikiisha, mashine husahau tarehe na mipangilio yake. Pili, hamisha kazi zote za mwenye mashine, kwani hatua ya mwisho hufuta. Tatu, ujue kama ni ya biti 32 au 64. Kisha pakua faili la mfumo na uliandike kwenye flashi kwa programu maalumu, kwa kuwa kulinakili tu hakutoshi. Mashine za zamani sana hazikubali kuamka kwa flashi, hivyo hutaka sidii. Iamshe, na uuonje mfumo kabla ya kugusa diski: jaribu kibodi, sauti, printa na mtandao. Ukiridhika, ndipo usakinishe.

Nisimdanganye msomaji kwamba dawa hii haina mwisho. Mfumo mwepesi hauzifanyi kurasa za mtandao kuwa nyepesi, na leo kivinjari peke yake huweza kula kumbukumbu kuliko mfumo wote. Linux yenyewe iliacha kuzihudumia mashine za 386, zile zile ilikozaliwa, mwaka 2012. Debian, ambayo ni mama wa mifumo mingi, katika toleo lake la 13 la mwaka 2025 haitoi tena kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32. Mashine nazo zina ajali yake. Tofauti ni kwamba uamuzi umesogea karibu na mwenye chombo.

Na uamuzi huo sasa unabisha hodi. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya marekebisho ya Windows 10 ilikoma, na Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi, hata zile zenye nguvu na afya. Huko zilipo zitahesabiwa kuwa kuukuu, na kwa desturi ya biashara tuliyoizoea, nyingi zitavuka bahari kuja kwetu. Uganda mwaka 2009 ilitangaza kuzuia kompyuta za mitumba kwa kuhofia taka, na hofu hiyo ni ya haki, kwa maana risasi na zebaki zilizomo katika vifaa hivi haziozi shambani. Lakini lango likifungwa bila mafundi tutarudia ya mwaka 1974, na lango likiachwa wazi bila mafundi tutarudia kile chumba chenye nondo.

Rai yangu kwa vyuo vya ualimu ni ndogo na gharama yake ni flashi moja. Kila mwalimu mwanafunzi, kabla ya kupelekwa shuleni, apewe kompyuta iliyotupwa, aifungue, aisafishe, aisakinishe mfumo mwepesi, na aandike kwayo andalio lake la somo. Atakapofika katika shule yake na kukuta mashine tatu zimefunikwa kitambaa stoo, hatamwandikia mfadhili kwanza. Ataanza kwa kuomba bisibisi.