Maji ya Ruvu na Baraza Lisilo na Kauli

Mgeni afikaye Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, huonyeshwa magofu ya msikiti wa karne ya 13 na kisima cha maji matamu kilicho karibu na bahari. Wengi hupiga picha za magofu. Mimi hubaki kisimani. Katika pwani hii, kutoka Kaole hadi Saadani, mji ulisimama pale ambapo maji yalinyweka. Saadani, bandari ya Bwana Heri bin Juma aliyepambana na Wajerumani kati ya 1888 na 1890, hadi leo ni kijiji cha mashamba ya chumvi. Mpagazi aliyeshuka kutoka Unyamwezi alitafuta maji kabla ya kutafuta soko, na waliotawala miji hiyo walilijua hilo bila kuambiwa na mtaalamu.

Makao ya utawala wa Kijerumani yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, na polepole mji huo ukaanza kunywa maji ya wengine. Baada ya mto Kizinga kuelemewa, ulijengwa mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, mwaka 1959, kisha Ruvu Chini, katika Wilaya ya Bagamoyo, mwaka 1976.

Naomba msomaji autazame vizuri mwaka huo. Kuanzia 1972, chini ya sera ya Madaraka Mikoani, Serikali ilifuta mabaraza ya wilaya na kisha ya miji. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978. Maana yake ni kwamba mtambo wa kulisha jiji ulipangwa na wizara, ukajengwa kwa msaada wa Kanada, na bomba likalazwa hadi kwenye matangi ya kilima cha Chuo Kikuu, wakati ambapo hapakuwa na diwani wa kuuliza Bagamoyo itapata nini kutokana na mto wake. Na mabaraza yaliporudi, maji hayakurudi nayo. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Maji Mijini. Mwaka 2001 ikaja sheria ya DAWASA, iliyoziunganisha Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo chini ya mamlaka moja.

Yaliyofuata yanakumbukwa zaidi. Kampuni ya City Water ilikabidhiwa huduma mwaka 2003, Serikali ikavunja mkataba Mei 2005, na mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa wakaamua kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake, lakini haikutakiwa kulipa fidia. Tulibishana sana kuhusu mwekezaji na dola. Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliobishana, na sikumbuki hata mmoja wetu akiitaja halmashauri.

Matokeo yake tunaishi nayo. Halmashauri hupima viwanja na kutoa vibali vya ujenzi; mamlaka ya maji hupanga mabomba; Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu hutoa vibali vya kuchota mtoni. Oktoba 2022 Ruvu ulipopungua na jiji likaingia katika mgao, kila mmoja alikuwa na kipande chake cha jibu. Mwezi uliofuata ulitiwa saini mkataba wa bwawa la Kidunda, la mita za ujazo milioni 190. Bwawa naliunga mkono. Ila linajibu nusu ya swali.

Ruvu Chini imepanuliwa kutoka lita milioni 182 kwa siku hadi milioni 270. Yakishaoga watu na kufua nguo, maji hayo huenda wapi? Sehemu ndogo hufika katika mabwawa ya kutibu majitaka kama ya Vingunguti na Mikocheni. Mengi huishia makaroni na ardhini. Windhoek, mji wa jangwani, umekuwa ukiyarudisha majitaka yaliyosafishwa katika maji ya kunywa tangu 1968. Siombi tufike huko. Naomba bustani, viwanda na matofali ya ujenzi yasinyweshwe maji yaliyosafishwa kwa ajili ya mtoto mchanga.

Nitaambiwa kwamba Pwani neno najisi si la kupuuzwa. Ni kweli, wala mimi silipuuzi. Ndiyo maana inafaa kukumbuka kwamba baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia lililijadili suala hili mwaka 1978 na kuruhusu matumizi ya maji hayo yakisafishwa hadi rangi, ladha na harufu ya uchafu zimetoweka.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo. Inaweza kudai, kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, kwamba mtaa mpya uwe na mtambo wake mdogo wa kusafisha majitaka na eneo la kuyatumia. Kwa sasa, kandokando ya barabara ya Bagamoyo, makaro yanachimbwa moja moja, kila mwenye nyumba na lake.