Msitu ni wa Nani?

Wasikilizaji, leo twataka kunena habari za misitu ya Tanzania, na hasa habari za swali moja ambalo limeulizwa katika nchi hii kwa muda wa miaka zaidi ya mia, wala halijaisha kuulizwa: Msitu ni wa nani? Huenda mtu akajibu, "Msitu ni wa Mungu, sisi twaokota kuni tu." Maneno hayo ni mazuri, lakini hayatoshi, maana kitu kisicho na mlinzi hakidumu, wala mtu hakilindi kwa moyo kitu asichokiona kuwa chake.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao. Mahali pengi palikuwa na vichaka vya matambiko ambavyo mtu hakuthubutu kuvitia shoka. Wasukuma walikuwa na ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti isitawi, na mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Hapakuwa na hati iliyoandikwa, lakini mipaka ilijulikana, na adhabu ilijulikana.

Wadachi walipoitawala nchi walitoa amri mwaka wa 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Kaisari wao. Na ni nani aliyeamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Ni wao hao. Shamba lililopumzishwa, kichaka cha kuchimbia dawa, pori la kuwindia, vyote machoni pao viliweza kuwa nchi tupu. Mwaka wa 1904 ikafuata sheria ya misitu, na vita ya 1914 ilipoanza misitu zaidi ya 200 ilikuwa imekwisha kuwekewa mipaka. Waingereza nao walianzisha Idara ya Misitu na kutoa sheria yao mwaka wa 1921.

Hatukatai kwamba kazi hiyo ilikuwa na faida. Milima ya Usambara na Uluguru ingali na miti juu ya chemchemi zake, na mipaka ile ya kale ni sababu mojawapo. Walakini mwenyeji alijifunza neno moja: msitu ni wa Bwana Miti. Akikata mti bila ruhusa huitwa mwizi, na moto ukiingia haoni kwamba ni mali yake iteketeayo. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1961 serikali ikawa ya wananchi, lakini katika jambo hili desturi ya zamani iliendelea kwa miaka mingi.

Sasa sikilizeni habari za Duru-Haitemba, katika wilaya ya Babati. Ni msitu wa miombo wa hekta 9,000 hivi, na vijiji vinane vimeuzunguka. Serikali ilikusudia kuufanya msitu wa hifadhi, kwa nia njema kabisa. Wapimaji wakaja, mipaka ikaanza kuwekwa. Je, watu walifanya nini? Walikwenda msituni kukata. Walisema mioyoni mwao, "Kitu kitakachochukuliwa kesho, heri tukitumie leo." Hivyo mpango wa kuuokoa msitu ukawa sababu ya kuuharibu upesi zaidi.

Ndipo wakuu wakatumia busara ambayo si kila mkuu anayo: wakasimama, wakawauliza wenyeji. Mwaka wa 1994 mpango wa hifadhi ya serikali uliachwa, na kila kijiji kikapewa sehemu yake ya msitu kuitunza. Watu wale wale waliokuwa wakikata wakatunga sheria zao ndogo. Uchomaji wa mkaa ukapigwa marufuku, sehemu zilizochoka zikafungwa zipumzike, na vijana wa vijiji wakashika zamu ya ulinzi. Miti ilikuwa ile ile, na watu ndio wale wale. Kilichobadilika ni jibu la swali letu.

Jambo kama hilo lilionekana Shinyanga. Miti mingi huko ilikuwa imefyekwa, kwanza kwa kuwapiga vita mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba na kwa kuhamishwa watu vijijini. Mwaka wa 1986 serikali ilianza kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Shinyanga, na shauri lake kubwa lilikuwa kuifufua ngitili ya wazee. Katika miaka chini ya ishirini hekta zaidi ya 300,000 zilirudi kuwa na miti na majani.

Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka wa 1998, na Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2002, zilitia mafunzo hayo katika maandishi. Kijiji chaweza kutenga msitu katika ardhi yake, kuutungia sheria, na kupokea mapato yake. Lakini kwa msitu wa serikali unaotunzwa pamoja na kijiji, sheria ile haikutaja wazi mapato yagawanywe kwa kadiri gani. Basi mara nyingi mwanakijiji hupata zamu ya ulinzi kwanza, na fungu lake hulingoja. Mlinzi asiyekula hachoki upesi?

Hesabu ya misitu yote iliyotolewa mwaka wa 2015 ilionyesha hekta milioni 48.1, zaidi ya nusu ya nchi kavu ya Tanzania Bara, na karibu nusu yake imo katika ardhi ya vijiji. Hesabu hiyo hiyo ilionyesha kwamba mamia ya maelfu ya hekta hupotea kila mwaka kwa mashamba mapya, mkaa na moto. Hakuna idadi ya askari itakayotosha kuilinda nchi kubwa namna hiyo.

Sisi tulio walimu twawapeleka watoto kupanda miche siku ya sherehe, na ni vema. Lakini baada ya wiki tatu, ni nani aimwagiliaye maji? Ni mtoto aliyeambiwa, "Huu ni wako." Basi wazee wa vijiji na wakuu wa serikali mtakapokaa tena kupanga habari za msitu, anzeni na swali hilo, nalo lijibiwe mbele ya watu wote kabla ya mpimaji kufungua kamba yake.