Horand na Mbwa Wangu Mkaidi

Baba alinipa mwezi mmoja. "Mwanangu, huyu mbwa asipotulia namgawa." Bosi, German Shepherd wa miezi 10, alikuwa ameshachimbua bustani nzima na kutafuna kandambili tatu. Nikimwita ananitazama, anafikiri kidogo, halafu anakwenda zake.

Nikakimbilia historia, ndiyo tabia yetu waandishi tukizidiwa. Aprili 1899, Max von Stephanitz, aliyekuwa ofisa wa jeshi la wapanda farasi, alimwona mbwa kwenye maonyesho ya Karlsruhe, Ujerumani, akamnunua. Akampa jina Horand von Grafrath, na mwezi huohuo akaanzisha chama cha mbwa hao, Horand akiwa wa kwanza daftarini. Kilichonifurahisha ni kwamba babu huyu wa ukoo mzima hakuwa malaika: Stephanitz mwenyewe aliandika kuwa asiposimamiwa alikuwa mtundu kupindukia. Mbwa wa ukoo wake walizoea kutembea na kondoo kutwa, kuwazuia wasiingie shamba la mtu, na kuamua bila kungoja amri. Kazi ya kondoo ilipopungua, Stephanitz akawatafutia kazi polisi.

Kazi! Na mimi nilikuwa namfungia Bosi uani kutwa, niko ofisini. Nikaanza kuamka saa 11 alfajiri, tunatembea kilomita nne, kisha dagaa mmoja kila akikaa nikisema "kaa". Wiki ya tatu nikimwita anakuja, mara mbili kati ya tano. Baba hakusema kitu, akaenda kununua kandambili nyingine.