Nzango: Mchezo wa Wasichana Uliopata Sheria

Ukimwuliza kijana wa Luberizi habari za michezo, atakutajia mpira wa miguu, na pengine hatataja mwingine. Kumbe Kongo ina mchezo mwingine wa miguu usio na mpira hata kidogo. Ni mchezo wa wanawake, jina lake nzango, nao una shirikisho lake la taifa. Si kila mchezo wa watoto unaopata bahati hiyo.

Tangu zamani wasichana waliucheza katika viwanja vya shule na nyuani mwao, pande zote mbili za mto Kongo, huko Kinshasa na Brazzaville. Makundi mawili husimama yakielekeana. Msichana mmoja wa kila kundi hutoka mbele, wenzake wakiimba na kupiga makofi. Hao wawili huruka, na wanapotua kila mmoja hutoa mguu. Wote wakitoa wa kuume, au wote wa kushoto, kundi moja linapata. Mmoja akitoa wa kuume na mwenzake wa kushoto, kundi la pili linapata. Waona ni rahisi? Jaribu basi! Yakupasa kutambua nia ya mwenzako kabla mguu wake haujagusa ardhi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Nani amechelewesha mguu wake ili aone kwanza wa mwenzake? Uani, aliyeshinda ni yule mwenye sauti kubwa. Tena kila mtaa ulikuwa na kanuni zake, na msichana akiolewa aliuacha mchezo pamoja na utoto wake.

Watu wa Brazzaville ndio waliotangulia kuandika sheria. Kiwanja kikapigwa mistari, mchezo ukawekewa muda, na mwamuzi akapewa neno la mwisho. Ndiyo kazi ya kwanza ya shirikisho lolote: kuuondoa ugomvi mikononi mwa wachezaji. Wengine hunung'unika kwamba sheria imepunguza utamu. Mimi sikubali, maana nyimbo na makofi vimebaki, na mama wa watoto aweza sasa kuvaa jezi na kuingia kiwanjani bila kuchekwa kuwa anacheza kitoto.

Tukumbuke mwaka 1965. Mwezi wa Julai, Michezo ya Afrika ya kwanza ilifanyika Brazzaville, na wanawake walishindana katika michezo michache tu. Michezo hiyo ikarudi mjini humo Septemba 2015, baada ya miaka 50, na safari hii nzango ukachezwa mbele ya mataifa, ingawa kwa maonyesho tu.

Kwetu bonde la Ruzizi shida ni njia. Kwa desturi ya michezo ya nchi yetu, timu huanzia katika antanti ya mji, hupanda kwenye ligi ya jimbo, ndipo hufika kwa shirikisho. Kutoka Luberizi hadi Bukavu ni safari ya gari. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500, na timu hupanda ndege. Nauli ya wasichana wote hao, na ya kocha wao, lazima mtu ailipe.