GENERAL MOTORS: KUTOKA FLINT HADI AFRIKA MASHARIKI

Simama Tegeta Kibaoni asubuhi. Malori ya saruji yanashuka kutoka Wazo Hill, maturubai yamekazwa kwa kamba, vumbi la kijivu limeganda kwenye bampa. Baadhi yana jina la Isuzu usoni. Jina hilo ni la Kijapani, lakini historia yake katika ukanda wetu imepitia Marekani.

1908: William Durant aanzisha General Motors mjini Flint, Michigan. Hatua kwa hatua, Buick, Cadillac na Chevrolet zawekwa chini ya mwavuli mmoja, na kwa miongo mingi hakuna kampuni duniani inayouza magari mengi kuliko hiyo.

1971: General Motors yanunua asilimia 34 ya hisa za Isuzu ya Japani.

1975: General Motors Kenya yaundwa kwa ubia na serikali ya nchi hiyo. Miaka miwili baadaye kiwanda chaanza kazi Nairobi. Fremu, injini na kabini zafika zikiwa vipande. Mikono ya mafundi wetu yaviunganisha kuwa lori zima.

2009: Kampuni mama yafilisika Juni 1, kisha yaokolewa kwa fedha za serikali ya Marekani.

2017: General Motors yauza hisa zake katika kampuni ya Kenya, asilimia 57.7, kwa Isuzu. Kampuni hiyo yaitwa Isuzu East Africa.

Mwenye kiwanda amebadilika. Ujuzi wa mafundi umebaki nyumbani, nao ni urithi wa kutunzwa.