Mwongozo Haupo, au Kisomaji Hakipo?

Juzi fundi mwenzangu aliniandikia: "Kaka, man haifanyi kazi kwenye seva." Nikamjibu kwa swali: mwongozo haupo, au kisomaji hakipo? Akadhani namchezea.

Neno man limekatwa kutoka manual, neno la Kiingereza lililo katika jina la kitabu kilichotoka Bell Labs Novemba 1971, pale Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoieleza Unix amri kwa amri. Halihusu mwanamume, ingawa mzaha huo haukukosa wa kuufanya: kwa miaka kadhaa man-db, programu mojawapo ya kufungua kurasa za man, ukiiendesha bila kutaja ukurasa saa sita na nusu usiku, ilitema maneno ya wimbo wa ABBA wa kumtamani mwanamume baada ya saa sita usiku. Mzaha ukaondolewa 2017. Leo jina hilo moja limebebeshwa kurasa, mkusanyiko wa kurasa hizo, na programu inayozifungua.

Wengi tumelifasiri kuwa mwongozo. Mwanzoni sikulipenda. Mwongozo kwetu una mtu anayekuonyesha njia: mbunge husimama kuomba mwongozo wa Spika, mwanafunzi hununua mwongozo wa riwaya, na TANU ilitoa Mwongozo wake mwaka uleule wa 1971. Ukurasa wa man haukushiki mkono. Unakupangia vigezo vya amri na kukuachia uchague, tena kwa lugha kavu. Neno rejea lingeukaa vizuri zaidi, ila wasomi wameshalipeleka mwisho wa tasnifu, kwenye orodha ya vitabu. Basi nimekubali mwongozo.

Kwa programu nasema kisomaji, kwa mkondo wa kihariri na kivinjari. Kitazamaji nakiachia picha na video. Hapo ngeli inatufanyia kazi. Haupo ni ukurasa, hakipo ni programu, na fundi anajua pa kuanzia kabla hata ya kutajiwa nomino.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu visomaji ni zaidi ya kimoja, na vyote huitikia jina man. Man-db ilianzia kwa John W. Eaton, na tangu 2001 iko mikononi mwa Colin Watson; ndiyo utakayoikuta Debian, Ubuntu na Fedora. Haipangi maandishi yenyewe, huiachia groff. Hiyo db ni hifadhidata, faharasa inayokuwezesha kutafuta kwa man -k. Mandoc aliianzisha Kristaps Dzonsons mwaka 2008, ikakulia OpenBSD, na ndiyo ya Alpine na Void. Hupanga na kutafuta yenyewe bila groff, kwa hiyo ni nyepesi. Kulikuwa pia na man ya zamani aliyoitunza Andries Brouwer. Fedora iliiacha 2010, nami sioni sababu ya kuifufua.

Ushauri wangu ni kubaki na kisomaji ulichopewa na mfumo wako. Mandoc inajua kutafuta kwa maana, mathalani kurasa zinazoeleza kigeu fulani cha mazingira, lakini hilo linataka kurasa zilizoandikwa kwa umbizo la mdoc, na nyingi za Linux hazikuandikwa hivyo. Ukitaka kuionja ndani ya Debian, hapo inaitwa mman, isigombane na man-db.

Namba za sehemu za mwongozo hazibadiliki ukihama kisomaji. Andika man passwd, utapata amri ya kubadili nywila, sehemu ya 1. Andika man 5 passwd, utapata muundo wa faili la /etc/passwd.

Tukirudi kwa fundi wangu: seva ilikuwa ya Alpine, na mstari aliouona ulisema curl haimo kwenye mwongozo. Kisomaji kipo, basi. Alpine huweka kurasa kwenye pakiti za kando zenye mkia wa -doc. Akasakinisha curl-doc, ukurasa ukafunguka.

"Mbona wa Kiingereza?" akauliza.

Nikamwambia kwamba kwingineko, kama Ubuntu, man-db hupekua kwanza folda ya lugha ya mtumiaji, na yetu ingekuwa /usr/share/man/sw. Akaenda kwenye Ubuntu yake kuitafuta. Hakuikuta.