Je, Ni Sheria Inayovunja Ndoa?

Vijana wenzangu, ndoa ikivunjika mtaani kwetu, wazee hawakosi wa kumlaumu. Watalaumiwa mabinti wa siku hizi, italaumiwa pesa, na mwisho italaumiwa sheria. Eti tangu Serikali iruhusu wanawake kwenda kortini kudai talaka, hakuna tena uvumilivu. Mimi najiuliza: kwani kabla ya hapo watu walikuwa hawaachani?

Walikuwa wakiachana sana tu, ila kila mtu kwa njia yake. Kabla ya 1971, Tanzania Bara haikuwa na sheria moja ya ndoa. Mume Mwislamu alitoa talaka kwa kauli yake. Mkristo alitakiwa kuthibitisha kosa la mwenzake, kama vile uzinzi au ukatili. Kwa waliooana kimila, swali la kwanza lilikuwa mahari: ng'ombe wangapi warudishwe, na nani atawatoa? Shangazi yangu mmoja alivumilia kipigo miaka na miaka kwa sababu ng'ombe wake kaka yake alikwisha kuwaolea. Ndoa ile haikuvunjika. Lakini jamani, ilikuwa nzima?

Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo yake, watu wakabishana, ndipo ikaja Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, iliyoanza kutumika Mei 1 mwaka huo. Ukiisoma utaona haina haraka ya kuachanisha watu. Ndoa isipotimiza miaka miwili, huwezi kudai talaka bila mahakama kukupa ruhusa kwanza. Kwa kawaida wanandoa huanzia Baraza la Usuluhishi. Halafu mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Maana yake sheria inaikuta ndoa imeshavunjika. Imevunjwa huko nyumbani, kwa ulevi, dharau, ukata na ngumi. Na sheria hiyo hiyo imetamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Basi haihusiki kabisa? Inahusika, tena penye mali. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika mali waliyochuma pamoja. Sasa kupika, kufua na kulea watoto ni mchango? Majaji walitofautiana mpaka 1983, pale Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliposema ndiyo, ni mchango. Mama aliyekata rufaa hakushinda shauri lake, lakini kauli ile wanawake wengine wameitumia hadi leo.

Hapo ndipo naona kiini cha ugomvi. Sheria haimfundishi mtu kumchoka mwenzake. Inaamua tu anayeondoka ataondoka na nini, na kwa hiyo inamgusa yule anayeogopa kutoka mikono mitupu. Kwa hiyo wazee wakisema ndoa za zamani zilidumu, tuwaulize kwa adabu: ngapi zilidumu kwa mapenzi, na ngapi kwa kukosa pa kwenda?